Acheni Kutuuzia GB!

Samahani kwa ukimya wa wiki mbili tatu hizi. Sikuwa safarini wala sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimenuniana na kompyuta yangu hapa Tunguu, na leo nimeamua kutoa dukuduku, maana najua sipo peke yangu. Atakayekwazika anisamehe.

Kisa chenyewe ni hiki. Mie ni mwandishi wa habari, lakini kalamu peke yake hailipi kodi ya nyumba, kwa hiyo pembeni nahariri video za harusi. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex ya mezani, ile nyembamba, iliyotumika ofisini huko ng'ambo kabla ya kuletwa Unguja kwa mtumba. Kwa kuandika haina neno. Kwa video inahema kama mzee anayepanda ngazi. Nikajibana miezi minne, nikaingia duka moja mjini na kuuliza swali ambalo leo nalionea haya: "Kadi ya grafiki ya GB ngapi inatosha?" Kijana wa duka akajibu bila kusita: "Chukua hii ya GB 6, kaka, utasahau shida." Ilikuwa GTX 1660 Super. Laki tatu na nusu. Nikarudi Tunguu kwa daladala nimeipakata kama mtoto mchanga.

Nyumbani nikashika bisibisi. Kadi ina kimo kuliko boksi la kompyuta, mfuniko haufungi. Kadi inataka waya wa umeme wa pini 8, na ndani ya boksi langu waya huo haupo. Nikasoma lebo ya pawasaplai: wati 240, kwa kompyuta NZIMA. Kadi peke yake inakula 125. Nikarudi dukani, nikaoneshwa karatasi iliyobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Harusi ya watu nikaikabidhi siku tisa baada ya ahadi, na mama wa bibi harusi hanisalimii mpaka leo.

Nusu ya kosa ni langu, nakiri. Na wenye maduka wana hoja yao: mteja mwenyewe ndiye anayeingia akiuliza GB, kwa nini wao wamjibu kingine? Sawa. Lakini muuza dawa hakupi vidonge kwa kuwa umependa rangi yake. Anayeuza ndiye anayeijua mali, na kama haijui basi asiiuze.

Hizi GB ni nini hasa? Ni ukubwa wa memori ya kadi. Ni ukubwa wa stoo, si wingi wa wapishi. Angalieni GT 1030. Ya mwaka 2017 ilikuja na GB 2 za memori ya GDDR5, inayopitisha data GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatoka nyingine, jina lile lile, GB 2 zile zile, lakini kwa memori ya DDR4 inayopitisha GB 16.8 tu. Theluthi moja! Au RTX 3050: ya GB 8 inatumia wati 130 na inahitaji waya wake wa umeme, wakati ya GB 6 iliyotoka mwaka 2024 inatumia wati 70 na haihitaji waya. Kwa boksi kama langu, hii "ndogo" ndiyo yenye matumaini. Anayenunua kwa kutazama namba kubwa atabeba ile isiyowaka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi Waunguja hesabu hii tunaijua. Nani amesahau mwaka 2008, kisiwa kilipokaa karibu mwezi mzima bila umeme? Au Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ya giza baada ya hitilafu ya njia ya umeme kutoka bara? Kila nyumba yenye jenereta ilijifunza: jenereta dogo halibebi pasi na friji kwa pamoja. Hata watoto walijua kuuliza "wati ngapi?" kabla ya kuchomeka kitu. Leo tuna shahada, tuna vyuo viwili hapa hapa Tunguu, tunanunua kadi bila kuuliza swali ambalo bibi zetu waliliuliza kuhusu pasi!

Haya, tuhesabu. Sloti ya PCI Express, pale kadi inapochomekwa, kwa kiwango chake inatoa wati zisizozidi 75, na baadhi ya mashine nyembamba za ofisini hutoa pungufu ya hapo. Kadi inayohitaji zaidi huongezewa kwa waya: wa pini 6 huleta wati 75, wa pini 8 huleta 150. Huna waya? Basi tafuta kadi isiyouhitaji. Na msiniambie "badilisha pawasaplai", kwani mashine nyingi za ofisini zina pawasaplai yenye umbo lake na plagi zake, huwezi kupachika yoyote uliyoikuta sokoni.

Fundi mmoja alinishauri niache mfuniko wazi na nitumie kiunganishi cha kuvuta umeme wa kadi kwenye plagi ya SATA, ile ya hadi diski. Plagi hiyo kwenye volti 12 imetengenezwa kubeba wati 54 hivi. Uilazimishe kulisha waya wa pini 8? Huo si ufundi, ni kutafuta moto. Plastiki huyeyuka, na nyumba ina watu.

Wapo pia wanaonicheka: "Tupa hilo kopo, nunua mpya." Kwa pesa ya nani? Mashine hizi ndizo zinazosomesha watoto wa watu na kuendesha studio ndogo uani. Hazina ubaya, zinahitaji kadi inayolingana nazo. Tena uangalie na kazi yako. RX 6400 inatosha kwenye boksi jembamba na inatumia wati 53, lakini haina sehemu ya kusimba video, kwa hiyo siku ya kutoa harusi haikusaidii. GT 1030 nayo haina. Kwa kazi yangu, GTX 1650 ya kimo kifupi, ile ya wati 75 isiyo na waya, ndiyo niliyopaswa kuulizia, baada ya kuhakikisha sloti yangu inatoa wati hizo zote. Siku ile hakuna aliyeniuliza hata nafanya kazi gani.

Kwa hiyo wenye maduka, nawaomba kitu kisicho na gharama. Pembeni ya bei andikeni mambo matatu: wati, kimo na urefu, na waya unaohitajika. Kisha ichomekeni kadi kwenye boksi la mteja, iwake mbele yake, ndipo mpokee pesa. Mkifanya hivyo, karatasi yenu ya ukutani tutaiheshimu.

Na sie wanunuzi, tuache usomi wa mdomoni. Kabla hujapanda daladala kwenda mjini, zima kompyuta, chomoa umeme, fungua mfuniko. Piga picha lebo ya pawasaplai, piga picha sloti, pima nafasi kwa rula. Ukiona aibu kubeba boksi mpaka dukani, kumbuka kwamba fundi cherehani hakushonei kanzu bila kukupima.

Ile kadi yangu ya GB 6 bado ipo kabatini, ndani ya boksi lake zuri. Nikipata mwenye kompyuta inayoibeba nitamuuzia, lakini kwanza aje na mashine yake, tuichomeke iwake. Wasalaam.