Vitabu Vinne kwa Nyumba ya Askari

Katika nchi ya Uganda, Kiswahili kimekaa kambini kwa zaidi ya miaka mia moja. Raia wengi walikisikia kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki, na wako wanaokiogopa hadi leo. Hata mtoto wa askari huweza kukua akidhani kwamba lugha hii ni ya amri tu: simama, kaa, leta, ondoka. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Uamuzi huo ni mwema, lakini lugha hupendwa kwanza nyumbani. Vifuatavyo ni vitabu vinne vya miaka ya karibuni vinavyofaa kuwekwa mezani baada ya chakula cha jioni.

Cha kwanza ni riwaya, nayo ni *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994; Ida Hadjivayanis akaifasiri kwa Kiswahili, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri ili awe rehani ya deni la baba yake, kisha anafuatana na msafara wa biashara hadi bara. Mwishoni wanatokea askari weusi wa jeshi la Wajerumani, wakikamata vijana kwa nguvu. Mwanajeshi atakayeusoma ukurasa huo atajiona jinsi sare inavyoonekana kwa macho ya mwanakijiji.

Cha pili ni historia ya maisha: *Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu*, cha Ali Hassan Mwinyi, kilichotoka mwaka 2021. Mwinyi, aliyefariki mwaka 2024, aliwahi kuwa mwalimu, na aliiongoza Tanzania kuanzia mwaka 1985 hadi 1995. Kwa polisi, hakuna jambo katika maisha yake lenye uzito kuliko lile la miaka ya 1970, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Watu waliokuwa wamekamatwa mkoani Shinyanga walifia mikononi mwa vyombo vya dola. Mwinyi hakumgusa hata mmoja wao, lakini waliotenda walikuwa chini ya wizara yake, naye akajiuzulu. Miaka michache baadaye alikabidhiwa nchi nzima. Kila mwenye cheo, hata koplo mwenye watu watatu chini yake, na alitafakari hilo.

Cha tatu ni diwani ya mashairi, *Mwanangu Rudi Nyumbani*, ya Dotto Rangimoto wa Tanzania. Ilishinda Tuzo ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika ya Kiswahili kwa upande wa ushairi mwaka 2017. Jina lake peke yake latosha kumgusa mama ambaye mwanawe yuko mpakani. Mashairi haya yasisomwe kwa macho tu. Yasomwe kwa sauti, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Aliyezoea Kiswahili cha gwaride atashangaa kuona upole uliomo katika lugha hiyohiyo.

Cha nne ni cha watoto: *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya kisa cha Lewis Carroll, iliyotoka mwaka 2015. Msichana anamfuata sungura shimoni na kukuta mambo ya kuchekesha, pamoja na malkia ambaye kila akikasirika huamuru watu wakatwe vichwa. Watoto watacheka, na wakubwa nao watapata la kuwaza.

Bei ya kitabu si ndogo kwa mshahara wa askari. Basi familia nne zaweza kununua kila moja kitabu chake, zikabadilishana kila mwezi. Mzazi anayekwenda kazini mbali aache kitabu nyumbani na kuwaambia watoto ukurasa alioishia. Siku atakaporudi, jambo la kwanza atakaloulizwa kwa Kiswahili lisiwe amri, bali liwe hili: Baba, Yusuf alifika wapi?