Ibanda: i7 ya zamani isimdanganye mwenye dola 200

Nyawera na kandokando ya barabara ya Patrice Lumumba, komini ya Ibanda, mwuzaji wa laptopu zilizokwisha kutumiwa huanza na maneno yale yale: «Mama, hii ni i7.» Hapo bei inapanda. Mzazi aliyekusanya dola 200 ili mtoto wake aandike memwari yake ISP ao UEA ya Panzi anaamini kwamba i7 inashinda i5, kama vile 7 inavyoshinda 5. Tangu benki zilipofungwa jijini Bukavu, Februari 2025, makuta hayo yamezidi kuwa magumu kupata. Kuyapoteza kwa sababu ya herufi moja na tarakimu moja ni hasara isiyo ya lazima.

Kinachopaswa kutazamwa ni namba inayofuata. Mfano ni prosesa mbili za Intel. Core i7-2620M ilitoka mwaka 2011: ina koo mbili, na mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 2.7. Core i5-8250U ilitoka mwaka 2017: ina koo nne, na mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 1.6. Anayesoma gigahezi peke yake atachukua ile ya kwanza, na atakuwa amekosea. Tarakimu ya mwanzo baada ya kistari, 2 ama 8, ndiyo kizazi, na kizazi cha nane kinafanya kazi nyingi zaidi kwa moto mdogo. Ile ya 2011 iliundwa kwa wati 35, ile ya 2017 kwa wati 15. Mahali ambapo SNEL inakata umeme kila mara, tofauti hiyo inaonekana kwenye batri kabla ya kuonekana kwenye kazi.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 inadai kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache sana. Wako mafundi wanaoiingiza kwa nguvu kwenye mashini za zamani, lakini Microsoft haiahidi kwamba mashini hizo zitaendelea kupata masahihisho ya usalama.

Mnunuzi akishafika kizazi cha nane, aache kukimbizana na i7. Kati ya i5-8250U na i7-8550U, zote zina koo nne na wati 15. Anayeandika Word, anayejaza Excel na kusoma PDF hataona tofauti kubwa. Dola zinazobaki ziende kwenye skrini.

Mashini nyingi za bei ndogo zina skrini ya 1366 kwa 768, yaani vitone zaidi kidogo ya milioni moja. Ile ya 1920 kwa 1080 ina zaidi ya milioni mbili. Katika Word, vitufe vya juu na mstari wa chini vinakula sehemu kubwa ya zile 768, na mwanafunzi anabaki na mistari michache ya memwari yake, akishusha na kupandisha siku nzima. Ni kweli, kwenye skrini ya inchi 14 maandishi ya 1080 yanakuwa madogo, na wengi huyakuza hadi asilimia 125. Hata hivyo nafasi inabaki kubwa zaidi, na herufi zinakuwa safi kwa macho.

Memori na disiki, kwenye mashini nyingi za aina hii, fundi anaweza kuongeza baadaye makuta yakipatikana. Kubadilisha skrini ni kazi ya gharama zaidi, na prosesa za aina hii zimeunganishwa kabisa na bodi.

Jina la mashini halitoshi pia. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 iliuzwa na skrini zote mbili, kwa hiyo mbili zinazofanana mezani zinaweza kutofautiana ndani. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe iwashwe, afungue mipangilio ya skrini, asome namba mwenyewe. Na kama mwuzaji atajibu kwamba haiwezi kuwaka kwa sababu SNEL imekata, basi hali ya batri imekwisha kujulikana.