Bariyeri ya mvua ifungwe na mvua, isifunguliwe na feza

Wandugu wa Kasongo na Kabambare,

Kule Uingereza, kwenye njia ya M25 inayozunguka London, tangu mwaka 1995 kuna vibao vinavyobadilisha namba ya mwendo. Gari zikisongana, namba inashuka. Njia ikiwa wazi, inapanda. Mtu wa kwetu akisikia hivi atacheka: sisi hata kibao cha kawaida hatuna, sembuse cha kubadilika!

Tusicheke haraka. Kibao kinachobadilika tuko nacho, tena cha zamani: bariyeri ya mvua. Ni mti mmoja tu juu ya njia. Mvua ikinyesha unashushwa, camion zinangoja udongo ukauke, kisha unainuliwa. Akili ni ileile ya London: njia ya leo si njia ya jana, basi na mwendo usiwe wa jana.

Lakini namna gani mti wetu unainuka mvua ingali inanyesha, dereva akishatoa kitu kidogo? Camion inapita na mzigo wake, inachimba mifereji, na kesho yake ni mwenye pikipiki anayeanguka humo, pamoja na mama mwenye mimba aliyekuwa anapelekwa hospitali. Tena wakati wa kiangazi, vumbi mpaka kwenye macho, mti uko chini: lipa kwanza. Dereva ameshaelewa. Bariyeri haimwambii kitu juu ya njia, inamuuliza tu juu ya mfuko wake. Kibao cha namna hiyo nani atakiheshimu?

Huko Finland, miaka ya 1990, kati ya Kotka na Hamina waliweka vibao vinavyofuata hali ya hewa. Wakati wa baridi, namba ikishuka kutoka 100 hadi 80, mwendo wa wastani ulipungua kilomita 3.4 kwa saa, zaidi ya ule ambao madereva walipunguza wenyewe kwa kuona njia mbaya. Ni kidogo, ndiyo. Ila walikuta kwamba kibao kilisaidia zaidi pale ambapo hatari haikuonekana kwa urahisi.

Hapo ndipo panatugusa. Matope dereva anayaona, atapunguza bila kuambiwa. Asiyoyaona ni mbao zilizotoka kwenye kilalo nyuma ya kona, saa moja ya usiku, au ukingo uliokatwa na maji jana. Hayo ndiyo anataka kuambiwa, na atasikia kama jana pia aliambiwa ukweli.

Hatuombi vibao vya umeme, umeme wenyewe uko wapi? Tunaomba ubao mweusi na chaki kwenye kila bariyeri, toka Kasongo mpaka Kabambare. Mlinzi aandike kila asubuhi: kilalo gani kimeharibika, wapi panateleza, mwendo gani unafaa leo. Habari si ngumu kupata. Wamotari wakipishana njiani wanaambiana kila siku. Anayefika aseme, mlinzi aandike.

Na tusidanganyane. Wengi wetu tunaoandika hapa tuko na diplome bila kazi, na wamoja kati yetu wanabeba watu kwa pikipiki kuelekea Wamaza na Salamabila. Tunakimbiza, sisi wenyewe. Jioni mwenye pikipiki anangoja versement yake, na mteja anapiga bega: kaza, kaza. Chaki haitaondoa njaa hiyo. Lakini hata mwenye haraka hataki kufa kwenye kilalo.

Kuhusu feza: sheria ya Julai 2008 ilianzisha FONER, mfuko wa kutunza njia, na sehemu ya mapato yake inatoka kwenye mafuta ya gari. Maana yake, anayenunua esansi, hata ya chupa kando ya njia, anatakiwa kuhesabiwa kuwa ameshachangia. Mlinzi wa bariyeri alipwe kutoka huko, kwa karatasi, asiishi kwa mkono wa dereva. Tunaomba wasimamizi wa teritware zote mbili watangaze wazi nani anamlipa na nani anamwamuru.

Mvua za kwanza zikianza, tutakaa kwenye bariyeri na daftari, kwa amani, wawili wawili. Tutaandika saa mvua ilipoanza, saa mti ulipoinuka, na kama karatasi ilitolewa. Siku ya soko tutasoma yote mbele ya watu.