Tusikate Inchi, Tudai Haki ya Kijiji



Mtu wa Shabunda au wa Mwenga akifika hapa Muhumba, anaona nyumba kubwa kando ya Ziwa Kivu, anajiuliza: zimejengwa kwa mali ya nani? Anakumbuka dhahabu na bati zinazotoka kwao, na barabara ya matope aliyopita. Halafu anasema: "Heri tujitenge, tuwe na serikali yetu." Sisi wa mjini tusimcheke. Uchungu wake ni wa kweli. Lakini dawa anayoitaka tulikwisha kuinywa, na haikutuponya.

Tukumbuke Katanga. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Kampuni ya Union Minière ilimlipa yeye kodi, na askari wa Ubelgiji wakamsaidia. Je, mchimbaji wa shaba alipata nini? Bendera ilibadilika, mwenye mgodi hakubadilika. Watu wa kaskazini ya Katanga, wafuasi wa Balubakat ya Jason Sendwe, waliikataa bendera ile. Vijiji vyao vikachomwa moto. Ndivyo ilivyo: anayejitenga na mwenzake, kesho naye atatengwa na mwingine. Mwezi wa Januari 1963 mambo yale yakaisha, na wafu wakabaki udongoni.

Kwetu Kivu pia tuligawanywa. Kati ya 1962 na 1963 jimbo lilikatwa vipande vitatu, 1966 likaunganishwa, 1988 likakatwa tena kuwa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Kila lilipokatwa tulipata magavana wapya na maofisi mapya. Matope ya barabara ya Shabunda hayakusoma amri zile.

Na tangu M23 walipoingia Bukavu mwezi wa Februari 2025, hofu ya kukatwa kwa inchi inalala nasi nyumbani. Inchi iliyogawanyika ni nyama mezani pa wageni.

Basi tufanye nini? Sheria ya madini ya 2018 inasema wazi: katika ada ambayo kampuni inalipa kwa madini inayouza, asilimia 50 ni ya serikali kuu, 25 ya jimbo, 10 ya mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 ni ya sheferi, sekta au komini yenye mgodi. Hizo 15 ndizo barabara, shule na dawa. Mtu wa kijiji hana habari nazo, kwa sababu sisi tunaojua tumenyamaza.

Sisi makarani wa migodi tunaandika kilo zinazotoka; hesabu tunaijua. Tumwambie mwenzetu wa kijijini haki yake, tuidai pamoja naye, wachimbaji na watu wa mji. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kongo ni moja. Lakini mali yake isipowafikia walio mbali, siku watakapotaka kuondoka tutawazuia kwa neno gani?