Chumba cha Taka: Hatari Iliyojificha Chini ya Ngazi

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

Tangu Mkoa wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, Mpanda imekuwa makao makuu ya mkoa, na pamoja na hadhi hiyo zimekuja ofisi, nyumba za kulala wageni na majengo ya ghorofa. Kila jengo huzalisha taka, nazo hazina budi kulala mahali fulani kabla ya kuzolewa. Pasipo na chumba maalumu, nafasi ya chini ya ngazi huwa ya kwanza kutwaliwa.

Hapo ndipo penye hatari. Maboksi, plastiki na matambara yenye mafuta husubiri cheche tu, na jivu la mkaa linaloonekana limepoa huweza kuficha kaa la moto kwa saa nyingi. Moto ukianzia hapo, ngazi hugeuka dohani: moshi hupanda hadi ghorofa za juu, na njia ya kujiokoa ndiyo inayozibwa kwanza. Aliye juu huweza kuuawa na moshi huo kabla hajauona mwali.

Sheria Na. 14 ya mwaka 2007 imelipa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji jukumu la kukagua majengo, si kuzima moto pekee. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo imezikabidhi mamlaka za serikali za mitaa suala la taka ngumu. Chumba cha taka kimekaa katikati ya sheria hizo mbili, na ni rahisi kila upande kudhani mwenzake amekwisha kukitazama.

Chumba salama si anasa. Ni kuta za matofali au zege, mlango unaohimili moto na kujifunga wenyewe, tundu la hewa linaloelekea nje wala si kwenye korido, mapipa ya chuma yenye mifuniko, na kizima moto karibu na mlango. Kitambua moshi nacho kina nafasi yake, kwa kuwa moto hauchagui saa za kazi. Ule wa Soko Kuu la Kariakoo, Julai 10, 2021, ulizuka usiku.

Anayejenga leo hupata haya kwa gharama ndogo yakiingizwa kwenye ramani kabla ya msingi kuchimbwa. Mwenye jengo la zamani anaweza kuanza kwa kuhamishia mapipa uani, mbali na madirisha, hasa wakati wa kiangazi ambapo kila kitu hukauka. Moshi ukionekana, namba ya dharura ya Jeshi ni 114.