Kijivu Kisichoyumba
Anayechapa picha nyeusi na nyeupe kwa printa ya kawaida ya kunyunyiza wino huudhika kwa sababu ileile: mchana karibu na dirisha kijivu kinaelekea ukijani, usiku chini ya balbu kinageuka zambarau. Macho hayana kosa. Printa hizo huunda kijivu kwa kuchanganya samawati, majenta na manjano, na kila mwanga huufichua mchanganyiko huo kwa namna yake. Graham Nash, mwanamuziki mzaliwa wa Uingereza, alitafuta uchapaji bora zaidi. Kwa ajili ya picha zake nyeusi na nyeupe za watu alinunua printa ya Iris 3047 kwa dola 126,000, na mwaka 1991 yeye na Mac Holbert wakafungua karakana ya Nash Editions huko California. Mashine ile, kwa haki kabisa, sasa inahifadhiwa na makumbusho ya Smithsonian. Mchapaji picha Jon Cone wa Vermont, Marekani, alikwenda mbali zaidi: aliondoa wino wa rangi, akajaza printa wino wa kijivu wa viwango mbalimbali. Mwaka 2005 kampuni ya Epson nayo ikaipa printa yake ya R2400 wino mweusi wa ngazi tatu, na kivuli cha shavuni kikaanza kushuka taratibu, bila vitone. Karatasi nayo ina madai yake. Ile ya pamba isiyong'aa hutaka wino wake mweusi maalumu. Ikipewa ule wa karatasi ya kung'aa, nywele na koti jeusi hutoka vimepauka.