Menyu Isiyo na Namba, Tafadhali

Kwani lazima nimweleze weita ugonjwa wangu ndio nile?

Binamu yangu aliniuliza hivyo kwa simu akiwa Manchester, amesimama nje ya mkahawa, wenzake wa kazini wamebaki ndani. Anapona anoreksia. Kwa miezi mingi mtaalamu wake wa lishe amekuwa akimfunza kitu kimoja tu: kula bila kuhesabu. Akafungua menyu, na kando ya kila sahani, kalori. Tambi 940. Saladi 410. Hesabu zikaanza upya kichwani. Akaagiza maji.

Tangu Aprili 6, 2022, sheria ya England inataka biashara za chakula zenye wafanyakazi 250 au zaidi ziandike kalori kwenye menyu, pamoja na kikumbusho kwamba mtu mzima anahitaji takriban 2,000 kwa siku. Lengo ni kupunguza unene. Beat, shirika linalosaidia wenye matatizo ya ulaji, lilipinga. Serikali ikasikia kwa sikio moja: mteja akiomba menyu isiyo na namba, mkahawa unaruhusiwa kumpa. Unaruhusiwa. Haulazimiki.

Ebu fikiria. Mtu ambaye ugonjwa wake unaishi kwa siri, aliyezoea kumdanganya mamake kwamba ameshakula, ndiye ainue mkono mbele ya meza nzima aombe menyu yake ya pekee. Na weita, labda ni siku yake ya pili kazini, amjibu, "Ngoja niulize meneja."

Na faida yenyewe? Mapitio ya Cochrane ya Januari 2025 yaliunganisha tafiti 25 na kukuta kwamba namba hizi hupunguza kalori ambazo watu huchagua kwa asilimia 1.8 hivi. Kwenye mlo wa kalori 600, hiyo ni 11. Lozi mbili, wasee! Watetezi husema kidogo mara mamilioni ya watu ni kingi. Sawa. Lakini bili ya hizo lozi mbili analetewa binamu yangu. (Halafu kichekesho: kinywaji chenye kilevi cha zaidi ya asilimia 1.2 kimesamehewa. Paja la kuku lihesabiwe, bia ipite.)

Wanaozitaka namba wapo, na wapewe. Ila waombe wao. Mtu wa gym akiitisha menyu yenye kalori hajaanika siri yoyote. Pengine hata atajisifu.

Huku kwetu kazi hiyo hufanywa na shangazi: "Umenona!" Anakuumiza, lakini angalau ukimkwepa harusini umemkwepa. Menyu inakungoja kila unapoketi.

Siku hizi binamu yangu hula kwenye kamkahawa ka familia fulani, baba, mama na vijana wao wawili. Menyu imeandikwa ukutani kwa chaki: jina la chakula, na bei.